Dunia Ikibomoka, Utashika Nini Mkononi?



Kuna maswali ambayo vijana huuliza kwa kucheka, na sisi wakubwa huyadharau kwa kuwa yameulizwa kwa kucheka. Lakini mara nyingi ndani ya kicheko mna jambo zito. Swali la leo ni la namna hiyo.

Katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba na Kenya, Kamalondo na Ruashi, vijana wengi wanaijua michezo ya mashine inayosimulia habari za dunia iliyokwisha bomoka. Michezo hii ilitoka ng'ambo. Hapo kwanza ilichezwa mezani, kwa karatasi na dadu, kila mchezaji akijivika nafsi ya mtu mwingine: mchezo uitwao Gamma World ulitokea Marekani mwaka 1978. Baadaye ikaingia katika kompyuta. Mwaka 1997 ukatoka Fallout, unaosimulia watu waliosalia baada ya vita vya mabomu ya atomiki. Na mwaka 2013 The Last of Us, unaosimulia watu waliosalia baada ya ugonjwa mbaya. Ndani ya michezo hiyo utaratibu wa zamani wa serikali, soko na hospitali umebomoka. Mchezaji anaokota bomba la chuma, ubao wenye misumari, mkasi, utepe wa kunata. Anavifunga pamoja, na tazama, amepata silaha. Kwa silaha hiyo anashinda maadui kumi, ishirini, naye anaendelea na safari yake.

Basi vijana wanauliza: «Je, mambo haya yangewezekana kweli? Dunia ikibomoka, mtu ataokoka kwa bomba na panga?» Nao huongeza swali la pili kwa sauti ya chini: «Na kama yangewezekana, yangekuwa halali?»

Tuyajibu maswali hayo kwa utaratibu, la kwanza kwanza.

I. Je, yawezekana?

Tuanze na vitu vyenyewe, maana anayesema juu ya chombo bila kukijua husema uwongo hata bila kukusudia.

Panga ni chombo cha shamba. Limetengenezwa kukata majani, miwa na vijiti vibichi. Bamba lake ni jembamba, mpini wake ni vipande viwili vya mti au vya plastiki vilivyoshikwa kwa misumari michache. Kila mkulima ajua kwamba ukilipiga kwenye mti mkavu, hunasa. Ukilivuta kwa nguvu, mpini hulegea. Na baada ya siku ya kazi lazima ulinoe kwa tupa. Bomba la chuma ni zito, na likilowa huteleza mkononi. Tena mpini wa mti hupunguza kishindo, bali bomba hurudisha kishindo chote katika kifundo cha mkono wa yule apigaye. Ubao wenye misumari unatisha macho, lakini seremala yeyote atakuambia: msumari mkubwa ukipigiliwa karibu na mwisho wa ubao, ubao hupasuka kufuata nyuzi zake. Na msumari unaoingia mahali haukubali kutoka upesi. Pigo la kwanza laweza kuwa la kutisha. Pigo la pili pengine halitakuwapo, maana silaha imebaki ilikonasa.

Je, silaha za kuokotezwa hazikufaa kitu kamwe? Hapana, tusiseme hivyo. Historia ina mifano. Katika vita vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918, askari wa Ulaya waliokaa katika mahandaki walijitengenezea marungu yenye misumari kwa kuvamiana usiku. Na huko Polandi, tarehe 4 Aprili 1794, mahali paitwapo Racławice, wakulima wenye miundu mirefu ya kufyekea nyasi waliyashambulia mizinga ya Warusi wakaiteka. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, miundu ile haikutumiwa jinsi ilivyotoka shambani. Bamba lilifunguliwa na kufungwa tena, likaelekea juu kama mkuki. Nayo ni kazi ya mhunzi. Pili, wakulima wale hawakuwa peke yao: walikuwa wengi, walikuwa na jemadari, Kościuszko, na jeshi lenye bunduki na mizinga pamoja nao. Maana yake, hata silaha ya kuokoteza ikitaka kufaa yahitaji fundi, yahitaji wenzi, yahitaji amri. Yahitaji vitu vile vile ambavyo mchezo unasema vimekwisha.

Wanaosoma Maandiko Matakatifu hawatashangaa. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia kwamba Wafilisti walihakikisha hakuna mhunzi katika nchi ya Israeli, hata watu wakalazimika kushukia kwao kunoa majembe na mashoka. Wafilisti walijua kwamba nguvu ya taifa imo kwa yule awezaye kufua chuma. Upanga hufuata baadaye. Na Samsoni? Alishika mfupa wa taya ya punda akapiga nao watu elfu. Mwandishi mtakatifu ametaja jambo moja dogo, kwamba taya hiyo ilikuwa bado mbichi. Na kweli mfupa mkavu ungalivunjika. Lakini wengi hawasomi mbele zaidi. Baada ya ushindi, Samsoni aliitupa taya, akashikwa na kiu kali hata akaogopa kufa, akamlilia Mungu ampe maji. Shujaa aliyewashinda watu elfu, kidogo ashindwe na kiu! Jambo hilo michezo huligusa kidogo tu, lakini mtu aliye hai hawezi kuliruka.

Tena kuna jeraha. Katika mchezo, mtu aliyejeruhiwa hujifunga kitambaa akaendelea kukimbia. Katika dunia isiyo na hospitali, mkwaruzo wa bati lenye kutu waweza kuleta pepopunda, na kidonda kidogo chaweza kuoza. Kwa hiyo mtu mwenye akili asingetafuta kupigana hata kama ana silaha nzuri, angekimbia. Nani angepona basi? Ni yule aliye na maji safi, mbegu, chumvi, na jirani anayejua kufunga kidonda.

II. Sisi tumekwisha kuona

Ndugu zangu, hatuna haja ya kubuni habari za dunia iliyobomoka. Kwetu Katanga tumeiona, na wengi wanaosoma gazeti hili walikuwa hai.

Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Kampuni ilimlipa mtu mshahara, ikampa nyumba, unga, shule ya watoto, na hospitali. Katika Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulioanzia Kinshasa ukafika na kwetu. Maduka yakavunjwa, mashine zikabebwa vipande vipande. Kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 40,000. Na miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo wakaachishwa kazi, wakapewa fedha kidogo wakaambiwa kwenda nyumbani. Kwa jamaa nyingi hiyo ilikuwa kiyama yenyewe: mshahara umekufa, unga umekufa, dawa imekufa.

Na watu wakafanya nini? Waliokota vyuma, naam! Lakini walivigeuza kuwa nini? Bati la pipa likawa mbabula ya kupikia bukari kwa makala. Springi ya gari ikawa jembe na patasi. Vipande vya aluminiamu vikayeyushwa vikawa sufuria. Nyundo na fito za chuma zikachukuliwa na wachimbaji wa mikono, wakaingia ardhini kutafuta jiwe lenye shaba na kobalti. Akina mama wakalima pembeni mwa njia na katika viwanja vitupu. Wakaweka akiba kwa zamu, huyu leo na yule kesho.

Sisemi kwamba hapakuwa na jeuri katika miaka hiyo. Ilikuwapo: miaka ya 1992 na 1993 majirani waliotoka Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wengine wakafa katika vituo vya treni wakingoja safari. Lakini nauliza: ni nini kilichoiokoa Lubumbashi isife? Je, ni rungu au ni mbabula? Kila mwenye kumbukumbu atajibu mwenyewe. Rungu halikumlisha mtoto hata mmoja.

III. Silaha hii humshinda nani?

Sasa nifikie jambo lililo gumu zaidi. Katika mchezo, mtu mmoja mwenye bomba hushinda wengi. Katika habari za kweli za nchi zetu, mambo yamekuwa kinyume.

Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji huko Tanganyika ya Wadachi, watu wenye mikuki na imani ya maji walikwenda Mahenge kupambana na bunduki za rasharasha. Walianguka kama majani. Katika Kasai, tangu mwaka 2016, watoto walitiwa katika kundi la Kamwina Nsapu, wakapewa fimbo na bunduki za mti, wakaambiwa kwamba risasi hazitawaingia. Vita hivyo viliua watu zaidi ya 3,000 na kuwafukuza zaidi ya milioni moja makwao. Na hapa kwetu, tarehe 23 Machi 2013, kikundi cha Kata Katanga kiliingia Lubumbashi mchana. Wachache wana bunduki, wengi wana pinde, mishale na mapanga. Watu zaidi ya 30 walikufa, na waliosalia, zaidi ya 200, wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kujisalimisha. Hivyo ndivyo panga linavyokuwa mbele ya bunduki.

Lakini panga lina ushindi wake pia, nao ni wa aibu. Kati ya Januari 1993 na Machi 1994 Rwanda iliagiza mapanga zaidi ya 500,000. Kisha, tangu Aprili 1994, mapanga na marungu yenye misumari yakawa kati ya silaha zilizoua watu mamia ya maelfu. Yaliwezaje? Mahali pengi wenye bunduki na mabomu ya mkono walitangulia kuwavunja nguvu watu waliokimbilia makanisani na viwanjani. Ndipo kundi la wenye mapanga likaingia. Waliouawa walikuwa wamezingirwa, hawana silaha, na wamechoka. Karibu nasi, wilayani Nyunzu, tarehe 30 Aprili 2015, kambi ya wakimbizi Watwa ilishambuliwa kwa mapanga, mishale na mashoka. Watu wasiopungua 30 waliuawa. Katika ugomvi ule wa Watwa na Waluba, kila upande ulizika watu wake.

Basi sheria ya chombo hiki ni hii: panga na rungu hushindwa na kila aliye tayari, na humshinda aliye peke yake, aliyefungwa, aliyelala, mzee, mtoto. Silaha ya kuokoteza ni silaha ya wengi juu ya mmoja. Mchezo unatuonyesha mmoja juu ya wengi, na kwa hiyo unatudanganya. Nguvu za chuma tungeweza kusamehe kama zimekuzwa kidogo. Lakini mchezo humvika mshika rungu sura ya shujaa, kumbe duniani mara nyingi yeye ni mmoja wa umati.

IV. Je, ni halali?

Kijana atasema: «Mwalimu, mimi sitaki kuvamia mtu. Nataka kulinda mama yangu na wadogo zangu.» Neno lake ni jema, tusilikatae. Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kuutetea uhai wake, hata kama kwa kujitetea huko mshambuliaji anakufa, maadamu nia ni kujiokoa wala si kuua, na nguvu haipiti kiasi kinachotakiwa. Na Kanisa linaongeza kwamba kwa yule aliyekabidhiwa maisha ya wengine, kuwatetea kwaweza kuwa wajibu mkubwa. Baba anayeshika mpini wa jembe usiku, mlango ukivunjwa na wevi wenye mapanga, hatendi dhambi kwa kusimama mbele ya watoto wake.

Lakini sharti la Toma ni sharti kweli: kiasi. Hatari ikikoma, haki ya kupiga imekoma. Mwizi akikimbia, hakushambulii tena. Mwizi akishikwa na kufungwa, hakushambulii tena. Pigo linalofuata baada ya hapo limekuwa adhabu, na adhabu si kazi yako wala yangu. Na likiua, limevunja Amri ya Tano.

Sasa tujitazame sisi wenyewe, tusiwatazame vijana peke yao. Usiku mtaani kelele inapigwa: «Mwizi! Mwizi!» Milango inafunguka. Huyu ameokota tofali, yule mguu wa kiti, mwingine nondo, mwingine tairi. Hakuna aliyetoka nyumbani na silaha. Zote zimepatikana njiani. Aliyekamatwa yuko chini, mikono imefungwa. Waliomzunguka ni hamsini. Pengine wengi wao walipokea Komunyo Takatifu Jumapili iliyopita. Asubuhi kila mmoja atasema: «Mimi nilitupa kijiwe kimoja tu.» Ndiyo, kimoja, na wenzako nao kimoja kimoja. Hivyo mtu amekufa, na muuaji haonekani.

Ndugu zangu, hapo hatuko katika mchezo wa mashine. Tuko katika njia ya nyumbani kwetu. Nao wanaocheza michezo ile wanatuona sisi, wanajifunza kwetu zaidi kuliko kwa mashine.

Je, basi kucheza ni dhambi? Sisemi hivyo. Mtoto anayejifanya mwindaji hajaua mnyama. Lakini mazoea huzaa jicho. Mtu akikaa miezi akitazama kila kitu kwa kuuliza «Hiki kitampigaje mtu?», afadhali ajiulize kama jicho lake limebaki lile lile. Jembe halina dhambi. Maandiko hayatuambii Kaini alimpiga Abeli kwa kitu gani: jiwe, au fimbo, au jembe lake la mkulima. Hayakuona haja ya kutuambia. Yametuambia lililokuwa moyoni mwake, wivu na hasira, na kwamba Mungu alimwonya kabla hajainua mkono.

V. Njia ya kurudi

Kama jembe laweza kugeuzwa silaha, silaha nayo yaweza kugeuzwa jembe. Nabii Isaya aliiona siku hiyo kwa mbali. Lakini watu wengine walianza bila kungoja. Huko Msumbiji, baada ya vita virefu vilivyokwisha mwaka 1992, Baraza la Wakristo, likiongozwa na askofu Muanglikana Dinis Sengulane, lilianza mwaka 1995 kuwaita watu walete bunduki zilizofichwa, wapewe majembe, baiskeli na cherehani. Bunduki zikakatwa, na mafundi wa sanaa wakaunda kwa vipande vyake viti na sanamu. Chuma ni kile kile. Mkono na nia vimebadilika.

Kwa hiyo, kijana uliyeuliza, jibu langu ni hili. Dunia ikibomoka, bomba la chuma litakusaidia dakika moja, pengine hata hiyo hapana. Jifunze kufua chuma. Jifunze kuchimba kisima, kupanda muhogo, kufunga kidonda, kumzalisha mama aliye mbali na hospitali. Uwe na jirani kumi wanaokuamini. Mtu wa namna hiyo hata maadui watamhitaji.

Nanyi wazee na akina mama wa jumuiya ndogo za kikristo, msingoje dunia ibomoke. Pataneni leo, mtaa kwa mtaa, kelele ya mwizi ikipigwa ni nani watakaotoka kwanza kumzunguka aliyekamatwa ili afike mikononi mwa polisi akiwa hai. Watano wanatosha kuanza. Wachaguliwe kabla ya usiku huo, maana usiku wenyewe hauna nafasi ya kufikiri. Wapange maneno watakayosema, na nani atakwenda kumwita chifu wa mtaa. Tena mzazi amwambie mtoto wake waziwazi: «Ukiona watu wanaokota mawe, wewe usiiname.»

Hilo ni jambo dogo, lakini kuna mtu ambaye uhai wake utalitegemea.